Akiba ya Ua la Jangwani



Kwa miaka mingi halmashauri ya mtaa wetu imekuwa ikirudia swali moja kila inapofungua daftari la fedha: je, Mkristo anayeweka akiba amepungukiwa imani? Wapo wanaosema ndiyo. Hao hutukumbusha mahubiri ya mlimani, pale Bwana wetu alipowaonya wanafunzi juu ya hazina zinazoharibiwa na nondo, kisha akawaelekeza macho kwenye maua ambayo Mungu huyavika pasipo yenyewe kujihangaisha. Wapo wanaosema sivyo, nao wana Yusufu na maghala yake ya Misri, wana chungu wa kitabu cha Mithali, tena wana lile daftari lenyewe, ambalo haliguswi na mahubiri. Kila upande una aya zake, na kila upande hurudi nyumbani kama ulivyokuja.

Safari hii tumeona vema kuacha kurushiana aya, tufanye lile ambalo Bwana alisema tulifanye, yaani kuyatazama maua. Si maua yote. Tumechagua moja, linaloota katika nchi ya Biblia mahali pakavu kuliko po pote tupajuapo sisi, nalo lina jambo juu ya akiba ambalo hatukulitazamia.

Ua lenyewe twaliita hapa nyinyoro ya Negebu. Wataalamu wa mimea huliita Pancratium sickenbergeri, nasi hatutalitaja tena jina hilo refu. Neno nyinyoro tunalo tangu zamani kwa mimea yetu wenyewe inayofanana na huo, ile inayotoa kichwa cha maua mekundu mvua zinapoanza, pasipo mtu kuipanda wala kuipalilia. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba tunazungumza habari za mbali mno. Ya Negebu ni nyeupe, ina harufu nzuri, na ua lake limekaa kama nyota yenye kikombe katikati. Huota Negebu, kusini mwa nchi ya Israeli, na pia Sinai na Misri.

Negebu ni nchi aliyoizunguka Ibrahimu na makundi yake. Upande wake wa kaskazini ndipo ulipo mji wa Beer-sheba, na toka hapo Eliya aliingia nyikani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Ukienda kusini zaidi utafika kwenye bonde kubwa liitwalo Makhtesh Ramon, lenye urefu wa kilomita 40 hivi na kuta za mawe zinazofika kina cha meta 500. Huko mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Hapa petu Ugogo, ambako wageni hutuhurumia kwa ukame, Dodoma hupata kama milimita 570. Mkulima wa Kigogo angetazama bonde lile mara moja tu, akafunga mzigo wake.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya Maandiko, maana najua litaulizwa. Na tukisema najua, ndugu mhariri atusamehe, tulikuwa tumekubaliana kusema sisi. Katika Kiebrania liko jina la ua linalotokea mara mbili tu katika Biblia nzima: katika sura ya 35 ya Isaya, pale nabii anaposema juu ya jangwa litakalochanua, na katika sura ya pili ya Wimbo Ulio Bora. Wafasiri wamehangaika nalo sana. Waingereza wa mwaka 1611 waliandika waridi mahali pote pawili. Katika Biblia yetu ya Kiswahili Isaya amepewa waridi, na Wimbo umepewa ua la uwandani, na nyinyoro ikafuata nyuma yake kwa neno jingine la Kiebrania. Lakini jina lile la kwanza linafanana na neno la Kiebrania la kitunguu, na kwa sababu hiyo wataalamu wengi hufikiri kwamba nabii alikusudia ua lenye tunguu chini ya ardhi. Wayahudi wa siku zetu wamelitwaa jina hilo wakaipa nyinyoro ya Negebu na dada yake wa pwani. Bila shaka jina lililotolewa juzi si ushahidi wa kile alichokiona Isaya, wala hatutaapa juu yake. Hata hivyo tazameni tofauti inayoletwa na jambo hilo katika usomaji wetu. Waridi hutaka maji na mtunzaji. Jangwa likichanua waridi, maana yake limegeuzwa bustani ya mfalme. Jangwa likichanua ua la tunguu, maana yake ni kwamba kilichokuwamo ndani yake siku zote, tusikione, kimetoka.

Basi tulitazame tunguu. Aliye na kitunguu jikoni na akipasue kati. Yale maganda manene yenye maji ni majani yaliyogeuzwa kuwa ghala. Chini kabisa kuna kisahani kidogo kigumu, ambacho akina mama hukikata na kukitupa, nacho ndicho chenye uhai wa kitunguu. Mizizi hushuka kutoka hapo na majani hupanda kutoka hapo. Nyinyoro ya Negebu nayo imejengwa hivyo hivyo. Mvua ya kule hunyesha wakati wa baridi, kati ya Novemba na Machi. Hapo majani hutokeza juu ya mchanga, yamejipinda kama parafujo, nayo hufanya kazi kwa haraka katika miezi ile michache, yakichukua mwanga wa jua na maji kidogo yaliyopo na kutengeneza chakula, na chakula kinachobaki hushushwa chini kuwekwa katika maganda ya tunguu. Jua la kiangazi likija, majani hunyauka na kupeperushwa. Toka hapo, miezi kadha, mpita njia angeapa kwamba mahali pale hapana kitu. Mche uliotoka katika mbegu hurudia kazi hiyo mwaka baada ya mwaka kabla haujapata nguvu ya kutoa ua lake la kwanza.

Hii ndiyo sababu tunawaambia wale ndugu zetu wa upande wa kwanza wayatazame maua vizuri zaidi. Hatujui ni ua gani Bwana alilionyesha kwa kidole siku ile, na vilima vya Galilaya vina mengi. Lakini mengi ya maua ya mwituni katika nchi ile huishi kwa tunguu au kiazi kilichofichwa ardhini. Alipowakataza wanafunzi kusumbuka, huenda alikuwa akionyesha ua lililokuwa na ghala chini ya miguu yake. Halisumbuki, ni kweli. Lakini halikosi akiba.

Hata hapo upande wa pili wasishangilie upesi, maana habari haijaisha.

Katika jangwa lile yuko mnyama mmoja, paa mdogo mwenye rangi ya mchanga, ambaye anaweza kuishi bila kunywa maji kabisa, akiyapata yote katika chakula chake. Linnaeus, yule Mswidi aliyewapa wanyama na mimea majina ya Kilatini, alimwita Capra dorcas mwaka 1758. Msomaji wa Matendo ya Mitume atalitambua jina hilo mara moja. Tabitha wa Yafa, yule mwanamke aliyewashonea wajane nguo, ndiye aitwaye kwa Kiyunani Dorkasi, yaani paa. Akina mama wa Umoja wamekuwa na Dorkasi kama mlezi wao kwa miaka mingi, na labda watashangaa kusikia kwamba Dorkasi wa jangwani hashoni kitu. Yeye ndiye anayekula nyinyoro.

Wachunguzi wawili, David Ward na David Saltz, walikaa Negebu katika miaka ya 1990 wakimfuatia paa huyo na ua hilo, na waliyoyaona yafaa yasimuliwe. Paa huishambulia nyinyoro mara tatu kwa mwaka. Wakati wa baridi hula majani. Kiangazi, kila kitu kikiwa kimekauka, huchimba mchanga kwa kwato mpaka alifikie tunguu, akapata humo chakula na maji. Wakati wa maua huja akala maua. Na nyinyoro si kwamba haijilindi. Majani yake yana vijisindano vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vya namna ile ile iwashayo kooni mtu akila magimbi yasiyoiva. Ila ncha za majani hazina sindano hizo, na paa amejifunza kula ncha akaacha sehemu iliyobaki. Tunguu nalo hujilinda kwa kushuka. Mimea ya namna hii ina mizizi inayojikunja na kufupika, na inapofupika hulivuta tunguu chini kidogo kidogo, mpaka lifike mahali ambapo paa angechoka kuchimba kabla hajashiba. Asipochoka, mara nyingine hulila lote, na mara nyingine huacha sehemu ya chini. Kile kisahani tulichokitaja kikisalimika, tunguu huanza upya.

Lakini maua hayana pa kujificha. Yamesimama juu ya shina, meupe, yenye harufu, katikati ya nchi isiyo na kitu kingine kibichi. Wachunguzi wale waliona kwamba paa hula karibu maua yote. Machache husalimika, hutoa mbegu, na mwaka unaofuata nyinyoro huchanua tena.

Na hapa ndipo tulipofika mahali ambapo baadhi yetu tulinyamaza. Nyinyoro ya Negebu huchanua mwisho wa kiangazi, katika Septemba na Oktoba hivi, kabla ya mvua. Haina jani hata moja wakati huo. Haikuonyeshwa wingu. Kila tone la maji lililomo katika ua lile, na kila chembe ya chakula, kimetoka katika akiba ya mwaka uliopita, nacho kimetolewa wakati ambapo mtu mwenye busara angesema ngoja kwanza, tuone mvua.

Sasa tusidanganyane. Tunguu halina hiari wala dhamiri. Halimchanulii paa kwa kumpenda. Linachanua ili lipate mbegu, na kama lingeweza kumzuia paa asile maua, bila shaka lingemzuia. Tumesoma mahubiri mengi mno ambamo wanyama na miti wametwishwa wema wasioujua, nasi hatupendi kuongeza jingine. Tunalosema ni hili tu: tulikuwa tukiuliza kama ni haki kuweka akiba, na ua limetuonyesha kwamba hilo si swali lenyewe. Swali ni akiba hiyo hutoka lini.

Yule tajiri wa mfano wa Bwana wetu katika Luka 12, aliyetaka kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi, hakulaumiwa kwa kuwa shamba lake lilizaa sana. Ukisoma utaona kwamba katika hadithi nzima hana mtu anayezungumza naye ila nafsi yake. Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, alihubiri juu ya tajiri huyo kwa maneno makali katika karne ya 4, naye hakuwa akihubiri hewani. Karibu na mwaka 369 ukame uliipata nchi yake, wenye nafaka wakafunga milango wakingoja bei ipande. Basili aliwabembeleza na kuwakemea mpaka maghala yakafunguliwa, akawakusanya wenye njaa akawapikia. Hakuwaambia kwamba wasingeweka nafaka. Kama wasingeweka, asingekuwa na cha kufungua.

Kwetu Ugogo mambo haya hayahitaji askofu wa Kapadokia. Wazee wetu walisimuliwa na wazee wao habari za Mtunya, njaa iliyoanza mwaka 1917 wakati majeshi yalipokwisha kuchukua ng'ombe na nafaka, na watu wakafa kwa wingi usiohesabika vizuri mpaka leo. Nyumba ya Kigogo ina mboga zilizokaushwa na kuwekwa kwa ajili ya kiangazi, na hatujasikia kasisi ye yote akisema kwamba mama anayekausha mlenda amepungukiwa imani. Basi kwa nini mfuko wa mtaa utusumbue?

Unatusumbua kwa sababu ya mwaka 2006, na hapo inatubidi tuseme yetu. Mvua za msimu ule zilichelewa, kisha zikaja kidogo, na mahindi yakapanda bei mpaka watu wakawa wanayanunua kwa kopo. Mfuko wa mtaa ulikuwa na fedha za bati. Tulikuwa tumezikusanya kwa miaka sita, sadaka kwa sadaka, kuku kwa kuku kwenye mnada wa mavuno, maana paa la kanisa letu lilikuwa likivuja juu ya meza ya Bwana. Ombi lililetwa kwamba sehemu ya fedha hizo inunue nafaka. Tukakutana. Mmoja wetu alisema kwamba fedha iliyotolewa kwa ajili ya nyumba ya Mungu imekwisha kuwekwa wakfu, na kuibadili kazi yake ni kumwibia Mungu. Hatumtaji, wala hatumcheki. Alikuwa akisema kwa moyo safi, na wengi wetu tuliona ana hoja. Mwingine alisema njaa si mgeni, tungoje tuone mvua. Tukaahirisha. Tulikutana mara tatu. Wiki tano zilipita kati ya ombi na gunia la kwanza.

Katika wiki hizo tano yuko mama mmoja mjane, ambaye amekwisha kulala sasa, aliyekuwa na debe moja la mtama. Jirani yake alikuwa na watoto wanne. Yule mama alikuwa akipima bakuli moja kila jioni, akalipeleka kwa jirani, na jingine akapika. Hakungoja kikao cha mtu. Tulipomwendea baadaye na zamu yake ya nafaka, kwa aibu kidogo, tulimwuliza alitegemea nini. Hakutaja imani. Alisema tu kwamba mbegu alikuwa ameitenga, iko juu ya dari katika kibuyu, na hiyo haigusi hata yeye mwenyewe. Hilo lililobaki lilikuwa la kuliwa, na aliyekuwa na njaa ndiye alikuwepo.

Tumekwisha kulizungumza jibu lile mara nyingi. Mbegu ile ilikuwa kisahani chake. Alijua akiba yake ina sehemu mbili: ile ambayo ikitoka hapana tena maisha ya kesho, na ile ambayo kazi yake ni kutoka. Sisi wana halmashauri, wenye daftari na mihuri, hatukuwa tumejua fedha zetu za bati zilikuwa sehemu ipi. Kanisa lisingekufa kwa kuvujiwa mwaka mmoja zaidi. Wala hakika hatukuwa na neno la Mungu lililosema kwamba zisiguswe. Tulikuwa na hofu ya kuanza tena kukusanya kutoka mwanzo.

Mvua zilirudi, na tulitoa mbegu kwa mkopo kwa kaya zilizokuwa zimekula mbegu zao. Walioweza walirudisha. Wengine hawakurudisha, na katika hao wako walioweza. Jambo hilo lilituuma kuliko ile njaa, maana ndivyo mwanadamu alivyo. Katika mwaka 2007 tuliandika masharti. Anayeomba msaada alete barua ya balozi. Awe amelipa ahadi yake ya mwaka. Aombewe na mzee wa kanisa wa kijiji chake. Fedha isitoke pasipo sahihi tatu, na mmoja wa wenye sahihi anakaa mjini. Kila sharti lina sababu yake, na sababu hiyo ina jina la mtu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Twamkumbuka tena paa wa Negebu. Tunguu lililochimbwa likasalimika hushuka chini zaidi, na hakuna wa kulilaumu. Lakini jani linalotoka katika tunguu la chini sana lina safari ndefu ya gizani kabla ya kuona jua, na safari hiyo hugharimiwa na akiba ile ile. Hata ua lina mchanga mwingi zaidi wa kupenya. Kushuka ni kujilinda, na kila kipimo cha kushuka hulipiwa. Jangwani hesabu hiyo hufanywa na njaa na wakati. Kwetu sisi haifanywi na mtu, tukiisha kuandika sharti hatulirudii tena kulipima.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa mtaa huu alikuja ofisini siku ya Jumatatu akitaka nauli ya kumpeleka mkewe hospitali ya wilaya. Hakuwa na barua ya balozi, kwa sababu balozi alikuwa msibani. Aliyekuwa ofisini alimweleza utaratibu kwa upole. Kijana alishukuru akaenda akauza baiskeli yake, ambayo ndiyo aliyokuwa akifanyia biashara ya mkaa. Mkewe alipona, Mungu asifiwe. Baiskeli haikurudi. Mfuko siku hiyo ulikuwa na fedha nyingi kuliko wakati wo wote tangu ulipoanzishwa, na taarifa iliyosomwa kanisani mwisho wa mwaka ule ilipigiwa makofi.

Hatuandiki haya ili kusema kwamba masharti yote yafutwe. Mtaa usio na utaratibu wa fedha huliwa mpaka kisahani, na tumeona mifano. Tena hatutaki kumwambia ye yote mwenye watoto wa shule kwamba akiba yake benki ni dhambi, afadhali aiongeze. Lakini kuna tofauti kati ya mtu anayejua ni kiasi gani akitoa atakuwa amekula mbegu, na mtu asiyetaka kujua, ambaye kwake kila senti imekuwa mbegu. Huyo wa pili hujiona mwangalifu. Kwa kweli amekuwa tunguu lililoshuka mpaka lisiweze tena kuchanua, nalo halina adui, wala halina mbegu.

Wazee wawili wa halmashauri wamesoma makala hii kabla haijapigwa chapa. Mmoja aliuliza ni nani basi atakayepima mstari huo kati ya mbegu na chakula, maana mstari hauandikwi juu ya noti. Tulikiri kwamba hatuna kipimo cha kumpa. Yule mama wa mtama alikuwa na kibuyu; alitenga mapema, kabla njaa haijaja kumhoji, na baada ya hapo hakuhitaji kufikiri upya kila jioni. Labda mtaa nao waweza kuwa na kibuyu: kiasi kitajwe wazi mwanzoni mwa mwaka kwamba hiki hakiguswi, na kilichobaki kiwe karibu na uso wa mchanga, mtu mmoja mwaminifu aweze kukifikia hata Jumatatu, hata balozi akiwa msibani. Mzee wa pili alisema kwamba tukifanya hivyo tutaliwa. Ni kweli, tutaliwa kidogo.

Karatasi ya masharti bado imebandikwa mlangoni mwa ofisi ya mtaa, imekuwa ya manjano sasa. Ina vifungu saba. Halmashauri itakutana Jumamosi inayofuata sikukuu ya mavuno, saa tatu asubuhi, na kila mwenye neno juu ya kifungu cho chote alilete kwa katibu kabla ya siku hiyo, kwa maandishi au kwa mdomo.